Mionzi kwenye mbegu za mboga: tuanze na matembele, mnavu usubiri

Watafiti hupiga mbegu mionzi ili kubadilisha vinasaba vyake na kupata aina mpya za mimea. Hofu ya kwanza ya walaji ni kwamba mboga iliyotokana na mbegu iliyopigwa mionzi nayo itakuwa na mionzi. Haitakuwa nayo. Miale ya gama kutoka kwenye kobalti-60, aina ya kobalti inayotoa mionzi, hupita ndani ya mbegu, huharibu vinasaba hapa na pale, basi. Kinachomfikia mkulima ni kizazi cha mbali cha mbegu ile. Mwaka 2001 Kenya iliidhinisha ngano ya Njoro-BW1, inayostahimili ukame, iliyopatikana kwa njia hii.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba njia hii inategemea bahati. Mabadiliko mengi ni hasara kwa mmea, na mengi hujificha hadi kizazi cha pili, kwa hiyo mtafiti hupanda maelfu ya miche apate michache ya maana. Kwa mchicha hilo linawezekana: mbegu elfu moja hazifiki gramu moja. Mchicha unaochelewa kutoa maua ungechumwa kwa muda mrefu zaidi, na hiyo ni faida halisi kwa mama anayeuza mafungu sokoni.

Lakini je, lazima tutumie mionzi? Madiira 1, mchicha ulioidhinishwa Tanzania mwaka 2011, ulipatikana kwa kuchagua tu kutoka kwenye aina zilizokuwapo. Benki ya mbegu ya Kituo cha Mboga cha Dunia, Arusha, bado ina utajiri mwingi, na kwa mchicha naona tuumalize huo kwanza.

Matembele ni habari nyingine. Hupandwa kwa vipando, yaani vipande vya shina, na kuzalisha aina mpya kwa kuchavusha viazi vitamu ni kazi ngumu. Hapo mionzi ina nafasi yake, ingawa kipando kimoja huweza kuchanganya seli zilizobadilika na zisizobadilika, na hukatwa na kupandwa tena mara kadhaa hadi kitulie.

Ninakosita ni kwenye mnavu, wenye sumu za asili za jamii ya solanini. Marekani iliondoa sokoni kiazi cha Lenape mwaka 1970 kwa sababu ya sumu hizo, na kiazi hicho kilizalishwa kwa uchavushaji wa kawaida, bila mionzi yoyote. Basi kila mnavu mpya, uwe umetoka wapi, upimwe sumu maabara kabla mbegu haijagawiwa. Pasipo na maabara hiyo, usitolewe.