Twin Fantasy: Kurekodi Upya Si Usaliti

Mashabiki wa bendi ya roki ya Marekani Car Seat Headrest hawajapatana juu ya albamu yao Twin Fantasy, iliyorekodiwa mara mbili. Toleo la 2011 Will Toledo, mwimbaji na mwanzilishi wa bendi, alilirekodi mwenyewe akiwa mwanafunzi wa chuo, kwa vifaa duni, akaliweka Bandcamp, tovuti ambako wanamuziki huuza kazi zao. La 2018, chini ya kampuni ya rekodi ya Matador, lina nyimbo zilezile 10, safari hii akiwa na bendi. Wapo wanaosema ameiua albamu yake.

Hoja yao ina uzito. Sauti ya mwimbaji ikizama ndani ya magitaa yanayokwaruza, inabidi utege sikio, na hilo linafaa albamu ya kijana anayehangaika kutamka mapenzi yake. Mkwaruzo wa namna hiyo ukiutafuta makusudi studio, husikika wa kuigiza.

Ila tusiite kila mkwaruzo sanaa. Sauti ikizidi kiwango ambacho kompyuta inaweza kurekodi, vilele vya mawimbi hukatwa. Kupunguza volumu baadaye hakuvirudishi. Unabaki na mkwaruzo uleule, mdogo zaidi. Halafu gitaa lenye disto (mkwaruzo wa kukusudia) na konsonanti za mwimbaji hugombania eneo moja la masafa ya sauti, takriban kHz 2 hadi 4, na mara nyingi gitaa ndilo linaloshinda. Kwa mtunzi wa mashairi marefu kama Toledo, hiyo ni hasara kubwa.

Sikiliza wimbo wa Famous Prophets. Mwanzoni ulikuwa wa dakika 10 hivi. Sasa unapita 16. Wengine huziita dakika hizo za ziada majivuno. Lakini wimbo mrefu hubebwa na tofauti kati ya utulivu na kishindo, na ala zikishagusa dari tangu ubeti wa kwanza, kilele kitapanda wapi? Rekodi mpya inathubutu kushuka hadi kukaribia kimya, ndipo ipande. Hizo dakika sita zingekuwa ngumu kwa vifaa duni vya 2011. Na toleo la zamani halikufutwa. Bado lipo Bandcamp kwa anayelitaka.

Hata maneno yameguswa: kwenye wimbo wa Cute Thing, wanamuziki Dan Bejar na John Entwistle waliotajwa humo wamewapisha Frank Ocean na James Brown. Hilo halidhuru. Kinachouma ni wimbo wa Nervous Young Inhumans: yale maelezo marefu ya kuzungumzwa ya mwishoni, ambamo Toledo aliuchambua wimbo wake mwenyewe, yameondolewa. Hapo toleo la kwanza linashinda, mikwaruzo na yote.