Hata Perege Anahitaji Kibali cha Ujenzi

Jamani, Dodoma hii ukitaka kuchimba hata choo cha uani, unaulizwa kwanza ramani iko wapi. Hilo nimelizoea. Tangu 1973 ilipoamuliwa kwamba hapa ndipo makao makuu, sisi kazi yetu kupimwa. Unalala na nyumba, unaamka na alama ya X ukutani. CDA, ile mamlaka ya kuustawisha makao makuu, ikavunjwa 2017, mji ukawa jiji 2018, kamba ya kupimia haikupumzika. Lakini kwamba siku moja samaki naye ataingizwa kwenye mipango miji, hapana, hilo sikulitegemea.

Chanzo ni shemeji yangu aliyeko Marekani. Huyu bwana hutuma video saa nane za usiku, akilini mwake, kwake kukiwa mchana basi dunia nzima ni mchana. Safari hii kaniletea watu wanazamisha miti ya Krismasi ziwani. Sikukuu ikiisha, mti unafungwa tofali za zege, unadumbukizwa. Matawi yanaota ukoga, ukoga unaita wadudu, wadudu wanaita samaki wadogo, wadogo wanaita wakubwa, na nyuma ya wakubwa anakuja mwenye ndoano. Mwenye ndoano ndiye mimi.

Nikalifikiria Bwawa la Hombolo, hapa hapa Dodoma. Lile ni la 1957, la enzi za mkoloni, na tangu hapo kila masika korongo zinaliletea tope. Chini kumekuwa uwanja mtupu. Kitoto cha perege kinazaliwa, kikitazama kulia tope, kushoto tope, mbele kambale kaachama. Hayo ni maisha? Mimi nina matawi ya mgunga uani, mama watoto ananisema kila siku niyaondoe. Nikaona nimepata dawa ya magonjwa mawili.

Nikaingia ofisi moja, siitaji. Kijana akaniamkia vizuri, “Shikamoo mzee wangu.” Marahaba. Nikamweleza. Akaniuliza, “Kibali unacho?”

“Cha nini, mwanangu?”

“Cha kuweka kitu majini.”

Nikamwambia mbona miti inasombwa na mafuriko inaingia bwawani yenyewe, nayo ina kibali? Akanijibu bila kucheka: “Ule umesombwa, mzee. Wewe unatupa.”

Hapo ndipo nilipojua kwamba maji yana wenyewe wengi kuliko kiwanja cha mirathi. Samaki yumo kwenye Sheria ya Uvuvi ya 2003. Maji anayoogelea yamo kwenye sheria nyingine, ya 2009, na yana bodi ya bonde, yaani eneo lote ambalo maji yake yanaelekea njia moja. Ukingo niliotaka kuteremshia matawi umo kwenye Sheria ya Mazingira ya 2004, ile inayokataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka majini. Na bonde lenyewe usiseme. Hombolo ni Wami/Ruvu. Ukienda Bahi, uko Bonde la Kati. Ukishuka Mtera, uko Rufiji, na huko maji yana kazi ya kuzungusha mitambo ya umeme. Mkoa mmoja, mvua yenyewe ya kubembeleza, mabonde matatu!

Nikampigia shemeji nimlalamikie. Akacheka. Kumbe ile video walikata mwanzo. Huko nako kwenye maziwa ya umma hutupi kijiti bila ruhusa ya wenye ziwa. Wanataka wajue unaweka nini, wapi, kina gani. Usizibe njia ya mashua, usikaribie wanapoogelea watu, mzigo ufungwe uzito usielee. Mbao zenye dawa hawataki. Na mti wa ukingoni huukati kiholela eti unawajengea samaki. Matairi ndiyo usiyataje kabisa: Florida, miaka ya 1970, walizamisha matairi yapata milioni mbili wakidhani yatakuwa miamba ya samaki. Vifungo vikaachia, matairi yakaanza kuzurura baharini yakiparua matumbawe, ikabidi waje wanajeshi wazamiaji kuyatoa. Hapo nilinyamaza kidogo, maana matairi mawili nilikuwa nimeshayaweka akiba.

Kilichoniuma ni kingine. Kwenye majimbo mengi, ukishazamisha, serikali inaichora sehemu ile kwenye ramani na kuitangaza kwa wananchi wote. Yaani nibebe matawi, nichomwe miiba, halafu jirani aelekezwe na simu mpaka juu ya samaki wangu! Shemeji anasema ni haki, ziwa ni la wote. Ni haki kweli. Lakini haki nyingine inakera.

Wavuvi wa nyavu pale Hombolo nao hawakunipokea kwa ngoma. Mmoja kaniuliza, “Babu, nyavu zikinasa kwenye mgunga wako, utashona wewe?” Kaniambia niende Mtera nikaone miti iliyofia majini bwawa lilipojaa, bado imesimama, wenye nyavu wanaikwepa. Halafu akaongeza neno ambalo, kusema ukweli, lina uzito: matawi yanawakusanya samaki, hayawazai. Ukiwakusanya perege wote pembeni kisha mkawavamia na ndoano, si umewarahisishia kufa?

Sikumjibu. Ila bado nasema kitoto cha perege kinahitaji pa kujificha, kambale hasomi sheria.

Basi nimerudi kwa yule kijana, kaniagiza niandike barua. Nimeandika. Akaisoma yote, akafika nilipoandika kwamba wanufaika wa mradi ni perege. Akakuna kichwa, akachukua kalamu.

“Wangapi, mzee wangu?”

Sasa nitawahesabu vipi, na maji yenyewe ya Hombolo rangi ya chai ya maziwa!