Distribyuta ya zamani usiitupe kabla hujaisoma

Jumanne mchana nilikuwa gereji pale Majengo, Moshi, nasubiri kijana amalize kunifungia breki za nyuma. Pembeni palikuwa na Land Rover Series III ya mzee mmoja wa Uru, boneti iko juu. Fundi akachomoa distribyuta, kile kifaa kinachogawa cheche kwa kila plagi kwa wakati wake, akaigeuza mkononi mara moja, akasema, "Mzee wangu, hii ni ya kizamani. Nakuwekea ya elektroniki, hutasumbuka tena." Akaitupa kwenye pipa la chuma chakavu. Ikagonga ukingo, ikatumbukia katikati ya diski za breki zilizoisha. Mzee akaitikia kwa kichwa. Alikuwa ameshalipa.

Niliinuka nikaenda kuitoa kwenye lile pipa.

"Shikamoo mzee. Samahani, hii usiiache hapa."

"Marahaba. Ya nini tena, mwanangu?"

Sikuweza kumweleza pale pale. Mashine ya kuchomelea ilikuwa inanguruma, na yule fundi alikuwa ananiangalia kama mtu aliyeingilia riziki yake. Nikamwomba mzee aniachie niisafishe, aje kuichukua nyumbani Jumamosi. Akakubali, nadhani kwa sababu ya adabu tu. Sasa haya ndiyo niliyotaka kumwambia, na ninayaandika kwa wote mnaomiliki magari ya umri huu, maana kila mwezi naona moja linafanyiwa hivyo hivyo.

Mimi sipingi elektroniki. Gari la marehemu baba ninaloendesha leo linawaka kwa moduli ya elektroniki. Ninachopinga kwa nguvu zangu zote ni kununua distribyuta kwa kusikia hilo neno moja, halafu ile iliyotoka kiwandani na injini yako inakwenda kuyeyushwa iwe nondo.

Miaka mitatu iliyopita nilifanya kosa hilo. Nilinunua distribyuta nzima, mpya, inang'aa, kifuniko chekundu, bei ya kuvutia. Muuzaji alinihakikishia kwamba ni ya Land Rover, na kweli iliingia kwenye tundu lake bila kulazimishwa. Asubuhi gari liliwaka kwa mguso mmoja wa ufunguo. Nilifurahi, siwezi kukataa. Jumapili tukapanda Kibosho mimi na mama, nyuma tuna mifuko miwili ya mbolea na magunia ya pumba. Tulipoanza ule mlima baada ya kuuacha mji, gia ya tatu, mguu chini, injini ikaanza kulia kama mtu anatikisa sarafu kwenye kopo. Nikalegeza mguu, ikanyamaza. Nikakanyaga, ikaanza tena. Mama hajui chochote kuhusu injini, lakini amekaa kiti kile zaidi ya miaka thelathini. Akasema, "Sauti hii baba yako asingeiacha."

Fundi akasema ni petroli mbaya. Nikabadilisha kituo, sauti ikabaki. Akachelewesha taimingi, yaani wakati wa cheche, kwa kuizungusha distribyuta kidogo. Kelele ikaisha, na nguvu nayo ikaisha. Mlima wa gia ya tatu ukawa wa gia ya pili, geji ya joto ikapanda, mafuta yakawa yanaondoka kana kwamba tangi limetoboka. Nilipochomoa plagi niliona kwenye kauri nyeupe vidoa vidogo kama pilipili manga iliyosagwa. Vidoa hivyo ni alama ya mlipuko usio na utaratibu ndani ya silinda, na vikiwa na mng'ao ujue ni pistoni yenyewe imeanza kutoa chembe. Niliketi kwenye ngazi ya nyumba nikiwa na ile plagi mkononi na nikaogopa kweli.

Kilichokuwa kibaya ni kitu ambacho hakuna aliyenitajia wakati nanunua: adivansi, yaani jinsi cheche inavyowahishwa kadiri injini inavyokimbia. Hapa naomba mnivumilie, maana uchaguzi wote umelala hapa.

Mchanganyiko wa petroli na hewa hauungui papo hapo. Unahitaji muda. Tuseme, kwa hesabu rahisi, sehemu 2 za elfu za sekunde. Injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa, mizunguko 750 kwa dakika, krenki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) katika muda huo inasogea digrii 9. Kwa mizunguko 3,000 muda ule ule unakula digrii 36. Kwa hiyo cheche lazima iwahi zaidi kadiri injini inavyokimbia, la sivyo moto unamkuta pistoni ameshateremka. Ndani ya distribyuta, chini ya bamba la pointi (vile vidole vya chuma vinavyofunga na kufungua umeme wa cheche), kuna vijiuzito viwili vinavyotanuka kwa mzunguko na springi mbili zinazovizuia. Ukizitazama vizuri springi hizo mara nyingi hazifanani. Moja ni laini, inaachia mapema. Nyingine ni ngumu, na wakati mwingine ina kitanzi kilicholegea ili isianze kazi hadi mwendo fulani. Waliozichagua springi hizo hawakubahatisha. Walizipima kwa injini ile, uzito wa gari lile na mgandamizo ule. Na kwa kuwa distribyuta inazunguka nusu ya mwendo wa krenki, kosa la digrii 5 ndani yake ni kosa la digrii 10 kwenye injini.

Halafu kuna vakyumu, kile kisahani cha pembeni chenye kiwambo cha mpira ndani. Ukiwa unatembea taratibu tambarare, kutoka hapa kwenda Boma Ng'ombe kwa mfano, mchanganyiko ndani ya silinda ni mwepesi na unaungua polepole, kwa hiyo vakyumu inaiwahisha cheche zaidi. Ukikanyaga kupanda mlima, mvuto wa hewa unaoiendesha unaanguka na cheche inarudi nyuma. Hapo ndipo unapookoa mafuta, na hapo ndipo pistoni inapookolewa. Nimeona watu wamekata bomba linaloiunganisha na injini na kuliziba kwa skrubu.

Sasa rudini kwenye pipa la chakavu. Series III nyingi zilikuja na distribyuta aina ya Lucas 45D4. Umbo hilo hilo la 45D4 lilifungwa kwenye Mini, kwenye MGB na kwenye magari mengine ya Uingereza ya wakati ule. Ukiziweka mezani zinafanana, lakini ndani springi na vijiuzito ni tofauti, kwa sababu MGB ni gari la chini, jepesi, linaloimba kwa mizunguko mingi, na Land Rover ya lita 2.25 ni punda wa mzigo. Kinachozitenganisha ni namba iliyogongwa ubavuni mwa bati. Ndiyo maana distribyuta mpya inayouzwa kuwa "mbadala wa 45D4" inaweza kuingia kwenye tundu la zaidi ya gari moja kati ya hayo. Kuingia kwenye tundu hakukuambii chochote. Nilipopata mtu mwenye taa ya taimingi, inayoonyesha cheche inapiga wakati gani, tukaipima ile yangu nyekundu, tuliona kwamba kufika mizunguko 1,500 ilikuwa imeshamaliza adivansi yake yote. Ile ya baba, ambayo kwa rehema za Mungu nilikuwa nimeihifadhi kwenye kopo la maziwa, kwa mwendo huo ilikuwa bado inaongeza polepole. Land Rover yenye mzigo inapanda mlima katika mizunguko ile ile ya chini ambako yangu ilikuwa imeshaachia kila kitu.

Na hapa mjini tuko zaidi ya mita 800 juu ya usawa wa bahari, Kibosho ni juu zaidi. Hewa ni nyepesi, silinda hazijai kama pwani, injini haigongi (ile sauti ya sarafu kwenye kopo) kirahisi. Ikigonga hapa, ukiteremka nayo Tanga na mzigo ule ule utarudi kwenye lori.

Nakubali, tena nisingependa kukubali, kwamba pointi zina kero zake. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika inazifungua mara 100 kila sekunde. Kisigino kinalika, nafasi inapungua, taimingi inahama yenyewe bila kukuaga. Kondensa, kile kikopo kidogo kinachofanya kazi na pointi, za siku hizi nyingi ni za kukatisha tamaa. Mwezi wa saba, asubuhi ya baridi na ukungu, moduli inawaka vizuri kuliko pointi, na bushi zikichakaa kidogo moduli inavumilia zaidi. Hayo yote ni kweli.

Lakini yanapatikana bila kutupa kitu. Kuna moduli inayokaa mahali pa pointi, ndani ya distribyuta ile ile, pamoja na pete ya sumaku inayovaa juu ya shafti. Pertronix wa Marekani wanatengeneza za namna hiyo, na kuna Lumenition ya Uingereza inayotumia mwanga badala ya sumaku. Vijiuzito vyako, springi zako na vakyumu yako vinabaki. Hiyo ndiyo niliyochagua, baada ya kubadilisha bushi ya shafti. Kazi yote, nikiwa na bisibisi na kiraka cha msasa, haikufika saa moja. Pointi za zamani pamoja na kondensa nimezifunga kwenye mfuko wa plastiki ndani ya droo ya dashibodi, na balbu ya volti 12 yenye waya mbili ya kutegea taimingi. Moduli ikifa Kwa Sadala saa mbili usiku, ninarudi nyumbani kwa gari langu. Distribyuta nzima iliyofungwa kama boksi ikifa hapo, unalala hapo.

Mwenye uwezo anunue 123ignition ya Uholanzi. Hiyo ni nzima pia, lakini ina swichi yenye mipangilio 16 ya adivansi, unachagua wa injini yako, na nyingine inapangwa kwa simu. Kwa hiyo siwezi kuisema vibaya, ila hata hapo lazima uijue injini yako kwanza, na kinachokuambia ni ile namba ubavuni mwa ya zamani.

Mengine kwa kifupi. Pima koili (inayotengeneza umeme wa cheche) kabla ya kufunga moduli, nyingi zinataka ya omu 3, na ukikuta ya omu 1.5 kuna rezista mahali fulani kwenye waya. Waya za plagi za shaba tupu zinaisumbua moduli, tafuta zenye ukinzani. Usiache swichi imewashwa injini ikiwa imezima ukae unasikiliza redio, utaiunguza. Wenye Series II za zamani, angalieni kama bodi imefungwa kwenye chanya ya betri kabla hamjagusa chochote.

Na mafundi wetu, ninawaheshimu, nyinyi ndio mmeyafikisha magari haya hapa. Naomba jambo moja tu: mkimtolea mtu distribyuta, mpeni mkononi. Ifungeni kwenye gazeti, mwambieni aende nayo.

Ile ya mzee iko mezani kwangu ninapoandika. Nimeiosha kwa mafuta ya taa kwa mswaki. Kijiuzito kimoja kilikuwa kimeganda kwa grisi iliyokauka, sasa kinatanuka na kurudi chenyewe. Springi zote mbili zipo, moja laini na moja ngumu, kama nilivyotarajia. Bushi imechoka kidogo, inatibika. Namba inasomeka yote. Jana usiku nilinyonya bomba la vakyumu kwa mdomo, bamba likasogea, nikaliziba kwa ulimi na kuhesabu hadi 30. Halikurudi hata kidogo.

Mzee anakuja Jumamosi saa nne. Nimeshaandaa maneno ya kumjibu lile swali lake la "ya nini tena", na taa ya taimingi nimeazima.