Geti moja kwa watu wote wale

Jumamosi usiku mdogo wangu alirudi nyumbani kutoka kwenye tamasha la muziki na kiatu kimoja, mbavu zinamuuma, sauti imemkauka. Haikukauka kwa kuimba. Ilikauka pale getini, akiwapigia watu kelele warudi nyuma, huku amemkumbatia binti asiyemjua ambaye pumzi zilikuwa zinamwishia. Mimi nilikuwa hatua kumi nyuma yao na sikuweza kuwafikia. Hatua kumi!

Usiniambie nibaki nyumbani nisikilize redio. Nayapenda matamasha. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini msanii mkubwa tunamwona kwa nadra, kwa hiyo akija, watu wanatoka Chunya, Kyela, Tukuyu, wanajibana nauli ya Kosta na kulala kwa shangazi Mwanjelwa. Baridi ya Julai mnaijua, unaingia na jaketi juu ya sweta. Ikifika saa tano usiku vyote umevifunga kiunoni, maana uwanja mzima unaruka. Nyimbo za Rayvanny, mtoto wa hapa hapa Mbeya, zikiimbwa na maelfu kwa pamoja, kuna kitu kinapanda kifuani ambacho simu haijawahi kunipa. Sitaki kitu hicho kife.

Lakini geti moja?

Milango mingine ipo. Waandaaji waliipiga makufuli ili watu wasizamie bila tiketi. Huo mmoja nao ulifunguliwa nusu, mabaunsa wawili wakikagua tiketi moja moja kwa tochi ya simu, na ndani muziki ulishaanza. Kila wimbo mpya ukilia, walio nyuma wanasukuma. Hawana roho mbaya, hawaoni kitu zaidi ya migongo. Kule mbele mtu amebanwa kwenye vyuma, hata mkono hauinuki, na kila akishusha pumzi ile nafasi ya kifua inachukuliwa na mwili wa mwenzake. Tunadhani msongamano unaua kwa kukanyaga tu. Wengi hufa wamesimama wima, kwa sababu kifua kimekosa pa kutanukia.

Na tumeshazika. Mwaka 2008 watoto walikufa Tabora ndani ya ukumbi wa disko, siku ya Idi. Machi 2021 watu 45 walikufa Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, walipokwenda kumuaga Rais Magufuli. Novemba mwaka huo huo, Houston, Marekani, kwenye tamasha la Travis Scott walikufa 10, tena kule wana vifaa na fedha za kila namna. Tunasubiri Mbeya itajwe?

Najua jibu la mapromota: mageti yakiwa mengi, wazamiaji wanaongezeka. Haya, nakubali. Kuna vijana wanaruka ukuta, na promota akila hasara mwakani hatuletei mtu. Basi aongeze wakaguzi. Foleni zipangwe kwa vizuizi tangu barabarani, milango ifunguliwe mchana watu waingie taratibu, na mlango wa kutokea usiguswe na kufuli hata dakika moja. Sidhani kama gharama yake inafikia malipo ya msanii mmoja wa kufungia shoo.

Habari ya vyoo, ya msanii kupanda jukwaani saa tisa usiku na kuimba juu ya CD, nayo inaniudhi, ila hayo hayaui.

Yule binti alipona. Mama mmoja aliyekuwa akichoma mahindi nje ya ukuta aliiacha biashara yake, akamlegeza nguo, akampepea kwa khanga mpaka akaweza kukaa mwenyewe. Mama, popote ulipo, ndaga fijo, asante sana. Mdogo wangu jana ameniuliza kama mwakani tutakwenda. Nimemwambia tutakwenda, ila tutafika mapema na kuuzunguka ukuta wote kwanza. Tukikuta geti ni moja, tunarudi nyumbani na tiketi zetu mfukoni.