Seti ya tatu ya akina Errani na Paolini

Tarehe 4 Agosti 2024, kwenye uwanja wa Philippe-Chatrier wa Roland Garros jijini Paris, Sara Errani na Jasmine Paolini wa Italia walikuwa wamefungana seti moja moja na Mirra Andreeva na Diana Shnaider, Warusi waliocheza bila bendera. Seti ya kwanza Waitalia walichapwa 6-2, ya pili wakalipiza kwa 6-1. Dhahabu ya Olimpiki ya wanawake wawili wawili ilikuwa bado haina mwenyewe. Seti ya tatu haikuchezwa. Ilichezwa taibreki ya pointi 10, yaani gemu moja fupi ya kukata shauri, ikaisha 10-7, na Italia ikapata dhahabu yake ya kwanza ya tenisi katika Olimpiki.

Juni 2025, kwenye udongo uleule wa Roland Garros, Errani na Paolini walirudi kwa fainali ya French Open dhidi ya Anna Danilina na Aleksandra Krunić. Walishinda seti ya kwanza 6-4, wakapoteza ya pili 6-2. Safari hii seti ya tatu ilichezwa yote, wakaichukua 6-1.

Michuano ya Grand Slam, ile minne mikubwa kuliko yote katika tenisi ikiwemo French Open, bado inawapa wanawake wawili wawili seti ya tatu kamili. Mashindano ya kila wiki ya WTA, chama cha tenisi ya wanawake ya kulipwa, hayawapi. Huko mkifungana seti moja moja mnaingia taibreki: wa kwanza kufika pointi 10 akiwa mbele kwa mbili ndiye mshindi. Tena gemu ikifika 40-40, pointi moja tu inayofuata inaimaliza.

Wanaoutetea utaratibu huu wana hoja nzito, na mimi siwabezi. Mashindano ya wiki moja hayana nafasi. Mvua ikinyesha siku moja, mechi zinarundikana, na za wawili wawili ndizo husukumwa mwisho au kupelekwa viwanja vya pembeni. Mwandaaji akijua mechi haitavuka muda fulani, anaweza kuipanga hata kwenye uwanja mkubwa. La pili ni miili ya wachezaji. Mwaka 2025 mjini Rome, Paolini alibeba taji la mchezaji mmoja mmoja na la wawili wawili katika mashindano hayohayo. Mchezaji wa ngazi yake ana kila sababu ya kuuacha mchezo wa wawili: US Open ya mwaka huohuo ilimpa bingwa wa mmoja mmoja dola milioni 5, na bingwa wa wawili wawili dola milioni 1 za kugawana na mwenzake. Mechi zikirefushwa, watu kama Paolini watajitoa, nao watazamaji watawafuata.

Lakini tuhesabu kile kinachokatwa. Taibreki ya 10-7 ina pointi 17. Wachezaji ni wanne na kuanzisha mpira ni kwa zamu, kwa hiyo katika fainali ile ya Olimpiki mmoja alianzisha mara tano na wengine watatu mara nne nne. Basi! Katika seti kamili, gemu moja tu ya kuanzisha ina pointi nne kwa uchache, na kila mmoja wa wanne lazima asimame kwenye mstari wa nyuma amalize gemu yake. Mwenye mpira dhaifu wa kuanzishia hana pa kujificha. Errani mwenyewe ana mpira wa kuanzishia wa polepole, dunia nzima ya tenisi inaujua, na bado seti ile ya 6-1 aliistahimili. Kwangu huo ni ushahidi mkubwa wa ubora wake kuliko taibreki ya dhahabu.

Halafu kuna akili ya mchezo huu, ambayo huhitaji muda. Tazama mkono wa aliye karibu na wavu: ameuficha mgongoni, vidole vinamwambia mwenzake kama atavuka au atabaki. Wapinzani huchukua gemu mbili tatu kuusoma mpango huo, kisha wanaanza kupiga mpira kwenye nafasi anayoiacha, naye anabadilisha. Ndani ya taibreki, mpira mmoja uliogusa wavu ukadondokea upande wa pili unaweza kuamua kazi ya saa nzima.

Hapa moyo wangu unagawanyika, kwa sababu furaha kubwa ya tenisi ya Kenya ilitoka kwenye taibreki. Julai 2022, Angella Okutoyi na Mholanzi Rose Marie Nijkamp walishinda taji la wasichana wawili wawili la Wimbledon dhidi ya Wakanada Kayla Cross na Victoria Mboko, binti wa wazazi kutoka Kongo. Matokeo: 3-6, 6-4, 11-9. Maana yake walifika 9-9, kisha Okutoyi na mwenzake wakachukua pointi mbili mfululizo. Hakuna Mkenya aliyewahi kutwaa taji la Grand Slam kabla ya hapo, hata la vijana. Siwezi kusema pointi zile mbili hazikustahili. Lakini nikimfikiria Mboko, ambaye mwaka 2025 alitwaa taji la mmoja mmoja mjini Montreal, naona wazi jinsi timu zile zilivyokaribiana, na natamani ningewaona wakipambana seti nzima.

Kwa hiyo taibreki ibaki kwenye mashindano ya wiki, ambako ratiba inabana kweli. Grand Slam ina takriban wiki mbili na siku za kupumzika. Mwaka 2024 Paolini alicheza fainali zote mbili za Roland Garros, ya mmoja na ya wawili, kwa kanuni ya seti kamili. Olimpiki ndiyo isiyo na udhuru. Fainali yake ni mechi moja katika miaka minne, na seti kama ile ya 6-1 ni gemu saba tu.