Belti ya mbavu: kabla ya kuikaza, vuta pumzi

Msimu wa mvua za masika mwaka jana, nduthi niliyopanda iliteleza kwenye tope karibu na Kondele, Kisumu, nikaangukia ubavu wa kulia kwenye ukingo wa mtaro. Sikutoka damu. Niliinuka, nikajipangusa, nikamlipa kijana wa watu nauli yake, nikaenda zangu. Maumivu yenyewe yalinijia usiku nilipojaribu kujigeuza kitandani. Ilikuwa kama mtu amenichoma kisu na kukiacha humo humo. Kucheka kuliuma. Chafya moja ilinitoa machozi.

Asubuhi mama mkwe alikunja leso mara nne, akaizungusha kifuani mwangu, akaegemeza goti mgongoni akavuta. "Mfupa uliolegea lazima ushikwe," akaniambia. Mchana daktari aliifungua leso ile kabla hata hajanigusa, akaniamuru nisijifunge kitu chochote. Jioni, nilipoingia duka la dawa kununua vidonge, muuzaji akanitolea belti nyeupe ya kuvutika, pana kama kiganja na nusu, akasema wenye mbavu wote wanavaa hii. Siku moja, watu watatu, na kila mmoja ananitakia mema. Tangu hapo nimeulizwa na jirani na ndugu wengi: belti ya mbavu inunuliwe au isinunuliwe? Jibu langu limenichukua muda.

Mama mkwe alikuwa na hoja. Mkono ukivunjika hufungwa plasta, mguu vivyo hivyo, mbona ubavu uachwe ukining'inia? Ila ubavu hauning'inii. Binadamu ana jozi 12 za mbavu, zote zimeshikwa nyuma na uti wa mgongo. Jozi saba za juu hufika kwenye mfupa wa kidari kwa gegedu zake zenyewe, yaani ule mfupa laini unaopindika kama wa sikio, tatu zinazofuata huegemea gegedu ya jirani aliye juu, na mbili za mwisho tu ndizo zisizoshikwa mbele. Ubavu mmoja ukipata ufa, wenzake wa juu na wa chini pamoja na misuli iliyo kati yao huwa wameshaushikilia. Halafu kuna jambo lisilokuwepo kwenye mkono wala mguu: kifua hakipumziki. Hata ukipumua mara 12 tu kwa dakika, hizo ni zaidi ya mara 17,000 kwa siku, na kila mara mbavu zote zinapanda na kushuka. Hakuna belti inayozizuia, na ole wako ukiipata inayoweza.

Kwa hiyo tukubaliane tangu mwanzo kwamba belti haiungi mfupa. Mfupa hujiunga wenyewe kwa muda wa wiki sita hivi, na maumivu yanaweza kukaa hata wiki 12. Kazi pekee ambayo belti inaweza kuidai ni kupunguza maumivu, na hapo ndipo mabishano ya kweli yanapoanzia.

Wanaoikataa wana historia nyuma yao. Zamani hospitali zenyewe zilizoea kuwafunga wagonjwa kifua kwa bendeji pana na plasta za kubandika, wakaenda nyumbani wamekakamaa kama mzigo wa miwa. Desturi hiyo iliachwa. Kifua kilichobanwa hupumua juujuu, sehemu ya chini ya mapafu isijazwe hewa, makohozi yakatuama huko, na palipotuama vijidudu hupata makao. Mtu aliyekuja na ubavu mmoja anarudi baada ya siku chache na homa na nimonia, ile wazee wetu wanayoiita kichomi. Ndiyo maana huduma ya afya ya Uingereza, kwa mfano, huwaambia watu waziwazi wasijifunge bendeji kifuani. Hatari huzidi kwa mzee, kwa mvutaji sigara, kwa mwenye pumu na kwa yeyote ambaye mapafu yake yaliwahi kuguswa na kifua kikuu. Mtu wa namna hiyo akiniuliza, namwambia aachane na belti kabisa mpaka daktari wake aseme vingine.

Lakini hoja hiyo ikiishia hapo inasahau kwamba maumivu nayo hubana kifua. Usiku ule wa kwanza sikuwa na leso wala belti, na bado nilipumua kwa vijisehemu, nikimeza kikohozi kwa kuogopa kisu kile. Asiyekohoa hutuamisha makohozi sawasawa na aliyefungwa. Tazama pia anavyofanya kila mwenye ubavu mbovu bila kufundishwa: kikohozi kikimjia, kiganja hukimbilia mahali panapouma na kukandamiza. Wataalamu wa fiziotherapia hufundisha jambo hilo hilo kwa mto, yaani ukumbatie mto kifuani kisha ukohoe kwa nguvu. Kama kiganja ni halali na mto ni halali, kuegemeza ubavu hakuwezi kuwa kosa kwenyewe. Tofauti ni kwamba kiganja huondoka kikohozi kikiisha. Belti hubaki.

Hapo ndipo ninaposimama mimi: ubaya wa belti uko kwenye muda inaokaa mwilini na namna inavyokazwa. Ikikupunguzia maumivu mpaka ukaweza kuvuta pumzi ndefu kuliko ulivyokuwa ukivuta bila yake, imekufaa. Ikikupunguzia maumivu kwa kukuzuia usivute pumzi, imekudanganya, na utamu wa udanganyifu huo utaulipia wiki ijayo.

Kuna jambo jingine ambalo wanaoikataa hulipita haraka mno. "Pumzika wiki sita, usiinue kizito" ni ushauri mzuri kwa mwenye mshahara wa mwezi. Mwendesha bodaboda mwenye deni la pikipiki, kijana anayepakia miwa kwenye trela kule Mumias au Muhoroni, mama anayebeba beseni sokoni Kibuye, hawa watarudi kazini wiki ya pili, uwape ruhusa usiwape. Kumwambia mtu kama huyo "usifunge" kisha ukanyamaza ni kumwacha arudi kwa leso na goti mgongoni. Wenye belti nao wasifurahi mapema. Belti hutia ushujaa wa uongo, na nimemwona mtu akiinua gunia kwa sababu tu hasikii uchungu. Wachezaji wa raga wa Kakamega na Nakuru wanaijua tamaa ya kurudi uwanjani mapema. Belti haitamlinda mtu na bega la mpinzani.

Basi kama umeamua kununua, anza na vidonge kwanza. Bei ya belti ile ya duka la dawa ingeninunulia parasetamoli ya mwezi mzima, na dawa inayomezwa kwa saa zake hufungua kifua kuliko kitambaa chochote. Kwa mtu mzima ni gramu moja kwa mara moja, isizidi gramu nne kwa saa 24. Ibuprofeni husaidia pia, lakini si kwa mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo wala mjamzito. Siku za mwanzo, barafu iliyofungwa kwa taulo ni rafiki mkubwa.

Belti yenyewe iwe ya kuvutika pande zote. Zile ngumu zenye vijiti vya chuma au plastiki zimetengenezewa kiuno. Usikubali kuuziwa moja badala ya nyingine eti zote ni belti. Kwa joto la Kisumu, ile nene ya mpira itakuchemsha ngozi mpaka upele ukutoke; tafuta yenye pamba, au uivae juu ya fulana nyepesi. Ukiikuta kwenye mitumba, ivute uone kama bado inarudi, maana iliyochoka hujikunja ikawa kamba, na kamba juu ya ubavu ni mateso. Kwa wanawake kuna zilizokatwa nyembamba mbele ili zipite chini ya matiti. Nilizitafuta maduka matatu ya Kisumu kwa ajili ya jirani yangu kabla sijaipata moja, na ninaona ni aibu, kwa kuwa kina mama ndio wanaobeba sehemu kubwa ya mizigo ya soko.

Jambo nililojutia mimi ni namna nilivyojaribishwa dukani. Muuzaji aliniambia, "Toa pumzi yote, ushikilie," kisha akakaza. Nilihisi nafuu papo hapo, nikalipa. Kufika stendi nikawa nahema kama niliyepanda mlima, kwa sababu belti ilikuwa imepimwa kwa kifua kitupu. Ifungwe kifua kikiwa kimejaa. Vidole viwili vipite chini yake bila kulazimisha. Kisha vuta pumzi ndefu mara kumi ukiwa bado dukani, ukohoe mara moja kwa nguvu, na kama pumzi ya kumi ni fupi kuliko ya kwanza, irudishe. Nyumbani ivae unapoinuka, unapopanda gari au unapofanya kazi isiyoepukika. Ivue ukikaa, ivue ukilala, na kila saa ukiwa macho iwe nje ya mwili kwa zile pumzi kumi.

Yapo mambo ambayo belti haitakiwi kuyafunika hata kwa dakika moja: kuhema kwa shida, damu kwenye makohozi, homa, maumivu yanayoshuka tumboni au kupanda begani, au sehemu ya kifua inayoingia ndani wakati sehemu nyingine inapanuka. Mbavu za chini zimelifunika ini upande wa kulia na wengu upande wa kushoto. Ajali iliyovunja mbavu inaweza kuwa imepasua vilivyo nyuma yake. Hapo ni dharura, kwa Kisumu ni moja kwa moja Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile wenyeji bado wanaiita Russia. Usishangae picha ya eksirei ikikosa kuonyesha ufa. Hutokea mara nyingi, na daktari anachokitafuta zaidi humo ni kama pafu limetoboka.

Jirani yangu huuza omena Kibuye. Aliteleza na beseni lake akaangukia jiwe, na wiki ya pili alikuwa sokoni, kama nilivyojua angekuwa. Belti yake anaifunga akiinua beseni na kuifungua akikaa. Wateja hugeuka wakisikia ile velkro ikiraruka, naye anakuwa ameinua kidevu, macho ameyafumba, anavuta pumzi na kuhesabu hadi kumi kabla hajamuuliza mtu anataka ya shilingi ngapi.