Siku 15 kwa Kila Mwaka: Hesabu Isiyotosha ya Wanahabari Wanaoachishwa Kazi

Kila kampuni ya magazeti nchini Kenya inapotangaza kupunguza wafanyakazi, hoja moja huenea haraka kuliko nyingine zote: kwamba wanahabari wamejitakia, kwa kuwa waling'ang'ania karatasi ilhali wasomaji walikwisha kuhamia kwenye simu. Hoja hiyo haikosi chembe ya ukweli, lakini inamtwika lawama mtu ambaye hakuwa na kauli. Mwandishi wa habari za mahakama hakupanga bei ya gazeti, hakuuza matangazo, wala hakushirikishwa wakati wakubwa wake walipoamua kutoa habari bure mtandaoni kwa miaka mingi, kisha wakashangaa kwamba msomaji hataki kulipia kile alichozoeshwa kukipata bila malipo.

Upande wa wenye kampuni nao unastahili kusikilizwa kwa haki. Standard Group, ambayo gazeti lake lilianzishwa mwaka 1902, ilitangaza mwaka 2020 kwamba ingewaondoa wafanyakazi 170, na mwaka 2024 ikatoa notisi ya kuwaondoa wengine zaidi ya 300. Hakuna mwekezaji anayefikia uamuzi kama huo kwa furaha. Fedha za matangazo zimekimbilia Google na Facebook. Karatasi ya kuchapia huagizwa kutoka nje, hasa tangu kiwanda cha karatasi cha Webuye kilipofungwa mwaka 2009, na bei yake hupanda kila shilingi inaposhuka. Serikali, ambayo ni miongoni mwa watangazaji wakubwa na ambayo tangu mwaka 2015 hupitisha matangazo yake kwa wakala wake mmoja, hulipa kwa kuchelewa sana. Anayetaka kampuni ya namna hiyo isimwachishe kazi hata mtu mmoja akumbuke Kenya Times: gazeti lilipokufa, waliondoka wote, kuanzia mhariri hadi mtarishi.

Hata hivyo, kukubali kwamba kupunguza watu huwa ni lazima si sawa na kukubali namna kunavyofanywa, wala namna gharama yake inavyogawanywa. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 kinamtaka mwajiri atoe notisi isiyopungua mwezi mmoja kwa chama cha wafanyakazi na kwa afisa wa leba, na amlipe anayeondolewa mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka aliotumikia. Mtu aliyefanya kazi miaka 20 anapata siku 300, yaani takriban mishahara ya miezi 10. Kwenye karatasi zinaonekana fedha za kutosha. Lakini mwandishi wa umri wa miaka 48 aliyeachishwa kazi na gazeti moja haendi kugonga mlango wa gazeti jingine, kwa sababu hilo nalo linapunguza watu mwaka huohuo. Bima ya afya ya familia inakoma pamoja na ajira. Sako, yaani chama cha akiba na mikopo, nayo inakata salio la mkopo kabla hajaishika hundi yenyewe. Miezi 10 iliyohesabiwa na sheria inaweza kubaki mitatu mikononi mwake, na soko la kazi aliyoisomea halipo tena.

Tanzania hesabu ni kali zaidi, na inanishangaza kwamba haizungumzwi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataja mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka, na miaka inayohesabiwa haizidi 10. Kiwango hicho basi kinaishia siku 70. Mhariri aliyelitumikia gazeti moja kwa miaka 25 na mwenzake aliyelitumikia miaka 10 wanapata idadi ileile ya siku. Ile miaka 15 ya ziada, ambamo huyu wa kwanza alifundisha vijana, akakesha usiku wa kila uchaguzi na kuziokoa kurasa dhidi ya kesi za kashfa, haimwongezei hata siku moja. Ni kweli kwamba hicho ni kiwango cha chini tu, na kwamba mikataba ya hiari inaweza kutoa zaidi, lakini kampuni inayopunguza watu kwa kukosa fedha ina sababu zote za kutovuka kiwango cha chini.

Hao angalau wanahesabiwa. Kuna kundi ambalo halimo katika ile 170 wala katika zile 300: waandishi wa mashinani wanaolipwa kwa kila habari inayochapishwa. Kwa sehemu kubwa ni wao wanaoujulisha umma yanayotokea Turkana, Tana River, Kigoma au Lindi. Wananunua data kwa fedha zao, wanapanda bodaboda kwa fedha zao, na dawati la habari linapofinywa huwa wa kwanza kuumia, bila notisi, bila afisa wa leba kuarifiwa, bila hata siku moja ya malipo. Habari zao huacha tu kuchukuliwa. Kwa mujibu wa vitabu vya kampuni, hakuna aliyeachishwa kazi.

Matokeo yake yanaonekana katika kaunti 47 za Kenya. Kikao cha kamati ya bajeti cha bunge la kaunti kinapokosa mwandishi, zabuni hupita bila swali. Wakati huohuo, aliyekuwa akiuliza maswali hayo huajiriwa katika idara ya mawasiliano ya gavana, kwa mshahara unaofika kwa wakati. Wapo wanaomwita msaliti. Mimi siwezi, kwa sababu karo ya shule haingoji gazeti lipone. Anayebaki gazetini naye hufanya kazi ya watu watatu akijua kwamba orodha nyingine inaweza kutoka muhula ujao, na katika hali hiyo mshiko, yaani fedha anazopewa mwandishi na wenye habari, unaotolewa baada ya mkutano wa waandishi huanza kuonekana kama nauli. Wasomaji huulaani mshiko, na wana haki, ila mshahara wa mpokeaji hawauulizii.

Wanaoshauri kwamba aliyeachishwa kazi afungue chaneli yake YouTube wanasahau aina ya kazi inayopotea. Uchambuzi wa siasa na mahojiano na wasanii vinaweza kupata watazamaji. Kesi ya ardhi inayosikizwa kwa miaka sita haiwapati, na mwandishi anayeifuatilia peke yake hana wakili wa kampuni siku akishtakiwa. Tanzania, kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka pia alipe leseni ya shilingi milioni 1 kabla hajachapisha neno. Zimelegezwa tangu hapo, lakini huo ndio mlango aliofunguliwa mtu mwenye malipo ya siku 70 mfukoni.

Kuhusu nani aondoke, sheria ya Kenya inataka mwajiri azingatie muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na kuaminika kwa mfanyakazi. Hesabu ya mishahara ina mantiki tofauti: humtafuta anayelipwa zaidi, naye kwa kawaida ndiye mwenye kumbukumbu ya chumba cha habari. Kwa gazeti la Kiswahili hasara ni kubwa mno. Taifa Leo limebaki gazeti la kila siku la Kiswahili nchini Kenya, na mhariri wa lugha aliyekomaa humo hapatikani kwa tangazo la kazi la wiki mbili.

Mzizi mmoja wa tatizo hili unajulikana na unagusika, nao ni madeni ya serikali. Januari 2023 Tanzania iliunda kamati chini ya mwanahabari mkongwe Tido Mhando kuchunguza hali ya kiuchumi ya vyombo vya habari, na Juni 2024 Rais Samia Suluhu Hassan aliagiza taasisi za umma zilipe zinachodaiwa na vyombo hivyo. Agizo hilo ni jema. Lakini deni linapolipwa, fedha huingia katika akaunti ya kampuni, na hakuna kipengele kinachompa sehemu yoyote mwandishi aliyeondolewa wakati kampuni ikilisubiri, sembuse yule wa mashinani ambaye habari zake zilijaza kurasa zilizobeba matangazo hayo. Kipengele hicho ndicho vyama vya wanahabari katika nchi zote mbili vinapaswa kukidai kwanza, pamoja na sharti kwamba notisi kwa afisa wa leba itaje pia idadi ya waandishi wa kujitegemea watakaokosa kazi.